Bandama Baada ya Kupandikizwa Uloto: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa na Anayemuuguza

Siku mgonjwa anapoambiwa kwamba uloto mpya (tishu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu) umeshika, nyumba nzima hushusha pumzi. Chembe nyeupe zimepanda, chembe sahani zimepanda, na kama alikuwa na selimundu, himoglobini S, ile ya selimundu, imeisha au imebaki kiasi kilekile alicho nacho ndugu yake wa AS (mbebaji asiyeugua) aliyemchangia. Katika furaha hiyo husahaulika kiungo cha ukubwa wa ngumi kilichojificha chini ya mbavu za kushoto. Bandama haikupandikizwa. Ni ileile ya zamani na makovu yake, na huenda dawa kali na mionzi ya matayarisho kabla ya kupandikizwa vimeizidishia.

Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni moja: mhesabu mgonjwa kuwa hana bandama hadi vipimo viseme vingine. Ni kanuni ya woga, nakubali, ila gharama yake ni vidonge, sindano chache na safari za usiku za kwenda hospitali. Gharama ya kuipuuza ni mtu kuwa mzima asubuhi na kuwa mahututi jioni.

Nimeandika nikiwafikiria zaidi wagonjwa wa selimundu. Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imeanza kuwapandikiza uloto tangu 2023, na wengine hurudi kutoka India na faili nene ambalo zahanati ya mtaani haijawahi kuona mfano wake. Aliyepandikizwa kwa saratani ya damu, au aliyerudishiwa seli zake mwenyewe kwa ajili ya mailoma (saratani ya seli za uloto) kama Muhimbili ilivyoanza kufanya 2021, naye atakuta mengi humu yanamhusu.

Kwanza, elewa kilichoharibika

Bandama ni chujio la damu. Chembe nyekundu changa na laini hujipenyeza kwenye mianya yake myembamba zikapita. Zilizozeeka, zilizokakamaa au zilizobeba vimelea hukwama na kuliwa hapohapo. Pembeni mwa mianya hiyo kuna seli zinazotengeneza haraka kingamwili dhidi ya bakteria wenye gamba la sukari, gamba linalowafanya wateleze wasikamatwe na chembe nyeupe za kawaida. Bakteria hao ni watatu hasa: nimokokasi, anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, Hib (Haemophilus influenzae aina b), na meningokokasi. Bandama ikiwa haifanyi kazi, wakiingia kwenye damu huzaana kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuikimbiza.

Kwa mwenye selimundu, uharibifu huanza utotoni. Chembe zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo ya bandama, na wengi hufika umri wa miaka mitano kiungo hicho kikiwa hakichuji tena. Wengine walitolewa bandama kabisa kwa upasuaji baada ya bandama kufura na kunasa damu mara kwa mara.

Upandikizaji nao una njia zake za kuidhuru. Mionzi ya mwili mzima hupiga bandama pamoja na uloto. Na ipo GVHD ya muda mrefu, yaani seli za mchangiaji kuushambulia mwili uliozipokea: ngozi hukakamaa, macho na mdomo hukauka, ini huvurugika, na bandama hufifia kimyakimya bila maumivu yoyote. Mgonjwa wa saratani ya damu ambaye hakuwahi kuwa na tatizo la bandama maishani anaweza kulipata hivi, miezi au miaka baada ya kupona.

Habari njema ipo pia. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya watoto wa selimundu ambao bandama zao zilianza tena kuchuja baada ya kupandikizwa uloto. Tangu hapo imeonekana mara nyingi kwamba mtoto mdogo, ambaye bandama yake imelala lakini haijageuka kovu, ana nafasi nzuri ya kuirudisha. Mtu mzima aliyeishi na ugonjwa kwa miaka mingi nafasi yake ni ndogo, ingawa ipo.

Hatua ya 1: Usitoke hospitali bila majibu ya maswali haya

Ripoti ya ruhusa huandikwa kwa haraka, na mara nyingi neno bandama halimo. Muulize daktari wa upandikizaji, naye akujibu kwa maandishi: Je, bandama ipo au ilitolewa, na lini? Kabla ya upandikizaji ilikuwa inafanya kazi? Matayarisho yalihusisha mionzi, na je, mionzi ilifika kwenye bandama? Uloto ulitoka kwa nani, na sasa seli za mchangiaji ni asilimia ngapi kwenye damu? Kuna dalili za GVHD? Dawa zipi za kushusha kinga zinaendelea, na hadi lini?

Ongeza swali la kundi la damu. Mgonjwa aliyekuwa O anaweza kuwa A kama mchangiaji wake ni A, na kadi ya zamani iliyobaki kwenye pochi inakuwa ya hatari. Hali ya G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu) nayo hufuata chembe nyekundu za mchangiaji, jambo la maana sana kwa watu wa Pwani ambako upungufu huo ni wa kawaida na dawa kama dapsoni na primakwini zinaweza kupasua chembe za damu.

Hatua ya 2: Pima utendaji wa bandama

Ultrasaundi pekee haitoshi, na hapa ndipo familia nyingi hupotoshwa. Mtu anaambiwa "bandama ipo, ukubwa wa kawaida", anarudi nyumbani na kuacha dawa. Bandama ya ukubwa wa kawaida inaweza kuwa imelala kabisa, hasa kwenye GVHD, na mtoto wa selimundu anaweza kuwa na bandama kubwa isiyochuja chochote. Ultrasaundi inatuambia kitu kimoja cha uhakika: ikiwa bandama haionekani au imesinyaa mno, hakuna cha kutegemea.

Kipimo cha bei nafuu ni slaidi ya damu, na kila hospitali ya wilaya inaweza kukifanya. Tone la damu hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, na mtaalamu wa maabara huliangalia kwa hadubini. Anachotafuta ni kidoti cha duara, cha zambarau iliyokolea, kimekaa peke yake ndani ya chembe nyekundu. Ni mabaki ya kiini cha chembe yanayoitwa chembechembe za Howell-Jolly. Bandama nzima huyanyofoa chembe inapopenya kwenye mianya na kuiachia iendelee na safari. Vidoti vikionekana, kazi hiyo haifanyiki.

Angalizo la vitendo: mashine ya FBP (hesabu kamili ya chembe za damu) inayotoa karatasi yenye namba haihesabu vidoti hivi. Lazima jicho la mtu liangalie. Kwenye fomu ya maabara daktari aandike waziwazi kwamba anatafuta Howell-Jolly, la sivyo slaidi itaangaliwa malaria tu. Na vidoti vikikosekana usishangilie mapema, kwa sababu bandama iliyopungua nguvu kiasi inaweza kuvificha.

Jibu la uhakika zaidi hutoka kwenye skani ya nyuklia. Mgonjwa huchomwa dawa yenye teknesiamu kidogo, kisha kamera hupiga picha. Bandama inayofanya kazi hung'aa karibu na ini, iliyolala haionekani. Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ina idara ya tiba ya nyuklia. Si kila mgonjwa anahitaji kusafirishwa kwa ajili ya kipimo hiki. Ninachoshauri ni slaidi kila anapoonwa kliniki ya mwezi wa 3, 6 na 12 na kila mwaka baadaye, halafu skani iwekwe kwa siku ambayo daktari anafikiria kusimamisha dawa ya kinga dhidi ya bakteria (Hatua ya 3).

Hatua ya 3: Dawa ya kinga ya kila siku

Dawa yenyewe ni penisilini V ya kumeza, asubuhi na jioni. Kwa kawaida mtoto wa chini ya miaka 3 hupewa miligramu 125 kila mara, wa miaka 3 na kuendelea miligramu 250, na mtu mzima 250 hadi 500. Mwenye mzio wa penisilini huandikiwa erithromaisini au mbadala wake, ila ajue kwamba erithromaisini hupandisha siklosporini, dawa ya kushusha kinga, kwenye damu. Aliye kwenye siklosporini asiianze bila daktari wa upandikizaji kujua.

Uzito wa vidonge hivi ulionekana mwaka 1986, utafiti wa Marekani kwa watoto wadogo wa selimundu ulipokuta penisilini ya kila siku imepunguza maambukizi ya nimokokasi kwa asilimia 84. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwapa wengine vidonge bandia.

Mgonjwa atakuwa pia na Septrin, kwa ajili ya nimonia ya fangasi inayowapata wenye kinga ya chini. Watu hufikiri Septrin inatosha. Haitoshi: nimokokasi wengi wa kwetu wamekwisha kuizoea. Zote mbili zinaweza kwenda pamoja.

Muda wa kumeza unategemea sababu. Mwenye GVHD ya muda mrefu anaendelea kadiri matibabu yake yanavyoendelea, hata ikiwa miaka. Aliyetolewa bandama, hesabu ni ya maisha. Wengine humeza angalau mwaka mmoja kisha hupimwa.

Hatua ya 4: Chanjo zote, upya

Chanjo za utotoni hazihesabiki tena. Kumbukumbu yake ilikuwa kwenye seli zilizofutwa, kwa hiyo mtu wa miaka 30 aliyepandikizwa uloto yuko kama mtoto mchanga mbele ya nimokokasi, pepopunda na surua. Hili ni sawa hata kwa aliyerudishiwa seli zake mwenyewe.

Anza na PCV, chanjo ya nimokokasi ileile wanayopewa watoto kliniki. Dozi ya kwanza kati ya mwezi wa 3 na wa 6 baada ya upandikizaji, kisha mbili nyingine, kila moja mwezi mmoja baada ya iliyotangulia. Mwaka ukifika huongezwa chanjo inayokinga aina 23 za nimokokasi, lakini mwenye GVHD hupewa PCV ya nne badala yake, maana mwili wake hauiitikii vizuri ile ya 23. Utaratibu huu usigeuzwe: PCV hutangulia daima.

Kuanzia mwezi wa 6 hufuata Hib, dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na polio ya sindano. Kwa mtoto mdogo pentavalenti hubeba nyingi kati ya hizo kwa pamoja. Mkubwa haipewi, daktari ataagiza moja moja. Chanjo ya mafua nayo, kila mwaka.

Chanjo ya meningokokasi ya aina ACWY ndiyo watu huhangaika kuitafuta. Iulize kwenye vituo vinavyowachanja mahujaji, kwani Saudi Arabia haimpokei haji bila hiyo, hivyo hupatikana hasa kabla ya msimu wa Hija. Asiye na bandama anahitaji dozi mbili zilizoachana angalau wiki 8, kisha ya kuongezea nguvu kila miaka 5.

Chanjo hai ni habari nyingine kabisa. Surua na rubela zisubiri hadi miaka 2 ipite, GVHD isiwepo, na dawa za kushusha kinga ziwe zimesimama. BCG, ile ya kifua kikuu, hapana. Polio ya matone hapana, na hapa kuna mtego wa nyumbani: mtoto mchanga wa familia akipewa matone ya polio, virusi hutoka kwenye choo chake kwa wiki kadhaa. Omba apewe ya sindano. Kama ameshapewa matone, mgonjwa asimbadilishe nepi kwa wiki 4 hadi 6, amwachie mwingine. Na chanjo ya homa ya manjano, ambayo wasafiri wa Uganda na Kongo hudaiwa mpakani, isichomwe kwa ajili ya kadi ya njano tu. Daktari aandike barua ya msamaha, na safari yenyewe ifikiriwe upya.

Wengine wote wa nyumba wachanjwe kikamilifu. Hiyo ndiyo ngao ya karibu zaidi.

Hatua ya 5: Homa

Hatua hii ndiyo inayookoa maisha kuliko zote. Nunua kipimajoto cha kidijitali na uweke mahali panapojulikana. Usitegemee kiganja kwenye paji la uso. Joto likifika nyuzi 38, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, safari ya hospitali ianze muda huohuo, hata ikiwa ni saa nane usiku na hata kama anaongea vizuri. Usimpe panado kwanza "tuone".

Anayemeza prednisoloni, dawa ya kushusha kinga, anaweza asipande joto kabisa. Kwake angalia kuchanganyikiwa, kutapika, mikono ya baridi, kupumua haraka, madoa ya zambarau kwenye ngozi, au udhaifu wa ghafla usio na sababu.

Hospitali ikiwa zaidi ya saa moja kutoka nyumbani, muombe daktari wako dozi ya akiba, amoksilini au amoksilini yenye klavulaniki, imezwe wakati mnasubiri gari. Dozi ya akiba haifuti safari.

Sasa tufike dirishani. Muuguzi wa zamu anafanya kipimo cha haraka cha malaria, kwa kuwa ndivyo ilivyozoeleka. Kikiwa hasi, mgonjwa hupewa panado na kuambiwa arudi kesho. Kikiwa chanya, hupewa dawa mseto na kuambiwa aende nyumbani. Kwa mtu huyu majibu yote mawili ni mabaya. Malaria na nimokokasi huweza kuwa kwenye damu ileile, na kipimo cha haraka hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Asiye na bandama huchelewa pia kuondoa mabaki ya vimelea hata dawa ikiwa imefanya kazi, kwa sababu aliyekuwa akiyanyofoa hayupo. Matibabu ya malaria yaendelee, na sindano ya kuua bakteria itolewe vilevile.

Ili usibishane na mtu usiku, chapa kadi hii, ipakwe plastiki, ikae kwenye pochi na picha yake kwenye simu:

*Nimepandikizwa uloto tarehe ____. Bandama yangu haifanyi kazi, au haijathibitishwa kufanya kazi. Nikiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, au nikizidiwa bila homa, naomba damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe na seftriaksoni itolewe kwenye mshipa mara moja, bila kusubiri majibu, hata kama malaria imeonekana. Mzio: ____. Dawa ninazotumia: ____. Kundi la damu la sasa: ____. Daktari wa upandikizaji: ____, simu ____.*

Kwa mhudumu atakayeisoma: seftriaksoni ni gramu 2 kwa mtu mzima, na kwa mtoto miligramu 50 hadi 100 kwa kila kilo bila kuzidi gramu 2, ukishuku uti wa mgongo, tumia dozi ya uti wa mgongo. Mgonjwa wa miezi ya mwanzo mwenye mrija kifuani au chembe nyeupe chache huhitaji dawa pana zaidi, kwa hiyo piga ile simu mara tu baada ya sindano.

Hatua ya 6: Malaria, mbwa na chale

Chandarua chenye dawa kila usiku, bila mjadala. Kenya, wenye selimundu huandikiwa proguanili ya kila siku. Baada ya upandikizaji, muulize daktari kama iendelee, na mtajie Septrin, kwa sababu dawa zinazogusa asidi ya foliki (vitamini ya kutengeneza damu) zikirundikana hubana uloto mchanga. Anayetumia dawa za fangasi kama flukonazoli akipata malaria amwambie anayemtibu, maana zikiungana na dawa mseto zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kung'atwa na mbwa ni dharura mara mbili. Mbali na kichaa cha mbwa, kuna bakteria wa mate ya mbwa ambaye kwa asiye na bandama huingia kwenye damu na kuua. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda ukapate chanjo na amoksilini yenye klavulaniki siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Bibi akishauri mtoto achanjwe chale ubavuni kwa sababu bandama "imevimba", mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie. Wembe unafungua mlango kwa bakteria walewale tunaowakimbia. Kuchua ubavu nako hapana. Bandama iliyofura huweza kupasuka, na maumivu makali ya juu kushoto yanayopanda hadi begani ni ya kukimbizwa hospitali. Hili linamhusu hata mchangiaji: sindano za kuhamasisha seli zitoke kwenye uloto hukuza bandama yake kwa muda, hivyo asicheze mpira wala kubeba mizigo mizito mpaka hospitali imruhusu.

Hatua ya 7: Kuacha dawa ya kinga

Penisilini isimamishwe na daktari wa upandikizaji, na mambo haya yawe yamekaa pamoja: seli za mchangiaji zimetulia, himoglobini S haijarudi juu, GVHD haipo na dawa zake zimekwisha, chanjo za nimokokasi, Hib na meningokokasi zimekamilika, slaidi haina vidoti, na skani imeonyesha bandama inayong'aa. Kimoja kikikosekana, vidonge viendelee. Skani ikiwa haipatikani, kwa maoni yangu ni heri kuendelea kumeza kuliko kubahatisha kwa ultrasaundi.

Anayeachishwa apewe barua yenye tarehe na sababu. GVHD ikirudi mwaka wa tatu au wa tano, anarudi Hatua ya 3 siku hiyohiyo. Kadi ya pochi haitupwi. Badilisha sentensi ya pili tu, iandike tarehe ya skani na majibu yake.